Kompyuta Haijui Hadithi, Inajua Madeni

Wiki iliyopita kijana mmoja tunayefanya naye kazi alichungulia skrini yangu wakati wa chakula cha mchana. Akaona vijipicha vidogo vikisogea mraba mmoja mmoja na maandishi yakipanda upande wa kulia. "Mzee, hiyo ni nini, DOS?" Nikamwambia ni mchezo wa maroboti makubwa, na kwamba hadithi yake hutungwa na programu yenyewe kila unapoanza upya. Akacheka. "Si uiambie tu AI ikutungie? Mbona ujisumbue na vitu vya kale?"

Sikumjibu kwa sababu githeri ilikuwa inapoa. Namjibu leo, na nyinyi wasomaji mtakuwa mashahidi, kwa sababu si yeye peke yake. Nimesikia neno hilo hilo mara nyingi mno miaka hii miwili mitatu, na kila mara husemwa na mtu ambaye hajawahi kuandika programu ya kutunga hadithi hata ya mistari mia.

Mchezo wenyewe unaitwa GearHead. Uliandikwa na Joseph Hewitt mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa lugha ya Pascal (ndiyo, Pascal ile ile mliyolazimishwa kuisoma shuleni na mkaapa hamtairudia), ukatolewa kwa leseni huria ya LGPL, kwa hiyo msimbo wake wote uko wazi kwa anayetaka kuusoma. Baadaye akaandika GearHead 2, na baada ya hapo GearHead Caramel, ambayo ni ya Python. Dunia yake ni ile ya karne moja na nusu baada ya vita vya nyuklia. Makundi yanashindana kuamua binadamu waelekee wapi, na wewe ni rubani wa meka, yaani roboti kubwa kama jengo ambayo mtu huingia ndani yake na kuiendesha. Unaweza kupigana ukiwa ndani ya meka, unaweza kushuka ukatembea kwa miguu, ukazungumza na watu, ukatengeneza mitambo, hata ukapiga muziki upate riziki.

Ukoo wake ni wa Rogue, mchezo wa mwaka 1980 wa Michael Toy, Glenn Wichman na Ken Arnold, ambao ulichora pango jipya kila ulipoanza, kwa herufi tupu, na ulipokufa umekufa, hakuna kurudi nyuma. Toka hapo tukapata Hack, NetHack, Moria, Angband na wengine ambao hata majina yao hayakumbukwi. Karibu wote hao walikuwa wakitunga mapango. Hewitt alijaribu jambo gumu zaidi. Alitaka programu itunge kisa: nani ni adui yako, kwa nini anakuchukia, nani atakusaliti, na mambo yataishaje.

Sasa angalieni alivyofanya, maana hapo ndipo ubishi wangu ulipo.

Hakuna uchawi. Hadithi ya GearHead imekatwa vipande vipande, na kila kipande kimeandikwa na mtu, kwa mkono, katika faili la kawaida la maandishi. Kila kipande kinakuja na masharti yake. Tuseme kipande kimoja kinasema: nipe mhusika ambaye ni adui wa mchezaji, nipe mji, nipe kundi linalotawala mji huo. Programu inazunguka ndani ya dunia iliyokwisha kuiumba ikitafuta vitu vinavyotimiza masharti. Ikivipata, kipande kinaanza kazi. Isipovipata, kinawekwa kando na kingine kinajaribiwa. Kipande kikiisha kinaacha alama: adui ametoroka, mji umebadilisha watawala, siri fulani imefichuka. Alama hizo ndizo kipande kinachofuata kitakachozisoma.

Mnaona? Ni daftari la madeni. Mwenye duka mtaani kwetu ana daftari kama hilo, limefungwa kwa mpira, limejaa mafuta. Hajui kuandika insha, lakini anajua nani alichukua unga Jumanne akaahidi kulipa Ijumaa, na Ijumaa ikifika na huonekani, kuna jambo litakalotokea. Jambo hilo ndilo hadithi. Maneno atakayokutamkia ukipita mbele ya duka (na atayatamka!) ni mapambo tu.

Na hapa maroboti makubwa si urembo wa kuvutia watoto. Meka ni daftari la chuma. Ina kichwa, mikono, miguu, mabawa pengine, na kila kiungo kina silaha zake na hesabu yake ya uharibifu. Mkono wa kushoto ukipigwa ukang'oka, ile bunduki iliyokuwa mkononi imekwenda nao. Utamaliza vita kwa mkono mmoja, utarudi mjini, na kama huna pesa za fundi utatoka tena na mkono mmoja. Unaweza hata kupoteza meka nzima ukabaki hai, ukatembea kwa miguu kama mimi mwisho wa mwezi. Hakuna mwandishi aliyeandika kwamba sura ya tano shujaa awe fukara. Lakini ufukara huo utaukumbuka kuliko sura nyingi zilizoandikwa na mtu, kwa sababu umeutafuta mwenyewe, na unajua ulipoanzia.

Mkitaka kulinganisha, angalieni No Man's Sky ilipotoka mwaka 2016. Idadi ya sayari zake ilikuwa 2 kwa kipeo cha 64, yaani 18,446,744,073,709,551,616. Tarakimu ishirini, nimezihesabu. Watu wakaingia, wakatembelea sayari ya kwanza, ya pili, ya thelathini, wakaanza kulalamika kwamba hakuna kitu cha kufanya. Mwaka huo huo Kate Compton, aliyebobea katika programu za aina hii, aliandika juu ya tatizo la bakuli elfu kumi za uji: kihesabu kila bakuli ni tofauti, chembe hazilingani, lakini mnywaji anaona uji tu. (Mfano huo ungetungwa Kenya ningeamini upesi zaidi.) No Man's Sky ilirekebishwa sana miaka iliyofuata, hilo nalikubali, lakini marekebisho yake mengi hayakuwa kuongeza sayari. Sayari zilikuwa zinatosha.

Turudi kwa kijana wangu na AI yake.

Mwaka 2019 mchezo uitwao AI Dungeon ulitoka, umejengwa juu ya GPT-2. Unaandika lolote, nayo inaendeleza. Niliucheza usiku kucha, sitadanganya. Nilikuwa mfalme, nikamfunga waziri wangu gerezani kwa uhaini. Baada ya kurasa chache waziri yuko mezani ananimiminia mvinyo. Nikamuuliza ametokaje gerezani, naye akanieleza kwa ufasaha mkubwa juu ya gereza ambalo si lile nililomfungia. Sentensi zote zilikuwa nzuri, ila hakuna aliyekuwa ameandika popote kwamba waziri yuko gerezani.

Mtaniambia hiyo ilikuwa 2019, kwamba modeli za sasa zinakumbuka kurasa nyingi mno. Kweli. Mimi mwenyewe nazitumia kazini, na zinanisaidia. Lakini kukumbuka maandishi si sawa na kutunza hesabu. Modeli ikisoma kurasa mia mbili zilizopita inakisia waziri yuko wapi, na siku hizi inakisia vizuri. Daftari halikisii. Pale pameandikwa gerezani, basi yuko gerezani, na kama mlango haukufunguliwa na mtu mwenye ufunguo, hatoki, hata umbembeleze vipi. Ndiyo maana wanaojenga michezo ya maana juu ya modeli hizi wanajikuta wanarudi kuandika nini? Daftari! Jedwali la wahusika, jedwali la mahali, jedwali la nani anamdai nani. Kazi ile ile ya Hewitt, isipokuwa sasa umeme unaokulipisha ni mwingi zaidi.

Kuna jambo jingine linaloniudhi zaidi, nalo ni kosa linapotokea.

Mnamo 1976 James Meehan wa Chuo Kikuu cha Yale alitengeneza programu iitwayo TALE-SPIN, ikitunga visa vifupi vya wanyama. Katika kisa kimoja sisimizi anateleza anaanguka mtoni, na rafiki yake ndege yuko ukingoni. Programu ikaja na matokeo ambayo wataalamu wanayacheka hadi leo: mvutano wa ardhi ukazama, ukafa maji. Ndiyo, mvutano wa ardhi! Kumbe Meehan alikuwa ameuandika mvutano huo kama mhusika anayesogeza vitu. Ulipomsogeza sisimizi hadi mtoni, na wenyewe ukawa mtoni. Sisimizi ana rafiki wa kumwokoa. Mvutano hauna miguu, hauna mabawa, hauna rafiki. Sheria za programu zikasema: basi unazama.

Kicheko ni halali. Lakini angalieni: kosa hilo lina anwani. Unaweza kuliwekea kidole, ukasema ni sheria hii hapa, mstari huu, kisha ukaurekebisha na hautazama tena milele. Waziri wangu aliyetoka gerezani, nimrekebishe wapi? Mstari gani? Naambiwa nibadilishe maneno ya ombi, nibembeleze, niandike kwa herufi kubwa TAFADHALI KUMBUKA. Hiyo si kazi ya fundi. Nimesomea kutafuta makosa, si kuyaombea dua.

Msidhani naiabudu GearHead. Ina kasoro zake, na nyingine zinachosha. Vitufe vyake ni vya kukariri kama jedwali la kuzidisha. Mazungumzo ya wahusika yanajirudia, baada ya siku kadhaa unaanza kutambua vipande, unasema aha, hiki ni kile cha msafara unaohitaji ulinzi, nimekicheza na majina mengine. Hapo AI ingesaidia, sibishi: iachiwe kuyavika maneno mapya matukio ambayo daftari limekwisha kuyaamua. Iwe karani wa matangazo. Kitabu cha hesabu asikiguse.

Lakini karani huyo anazungumza lugha gani? Hapo tunafika nyumbani.

Nilipoanza kufikiria toleo la Kiswahili la mchezo wa namna hii (si GearHead yenyewe, kitu kidogo cha kwangu, roboti mbili uwanjani na visa vichache) niliambiwa na mtu ninayemheshimu kwamba haiwezekani. Kiswahili, alisema, hakitungiki kwa vipande, ngeli zitakuua. Bora uandike kwa Kiingereza kisha AI itafsiri.

Nimelikataa neno hilo, na nitawaonyesha kwa nini, lakini kwanza nikiri kwamba tatizo lipo. Programu ya Kiingereza ina kiolezo kimoja cha kutangaza kiungo cha meka kilichoharibika: jina la kiungo, halafu kitenzi kile kile kwa viungo vyote. Basi. Sasa jaribu kwetu. Mkono umeharibika. Kichwa kimeharibika. Jicho limeharibika. Injini imeharibika. Mikono imeharibika, vichwa vimeharibika, macho yameharibika, injini zimeharibika. Sentensi nane mahali pa moja, na bado hatujafika kwenye "wangu", "changu", "langu". Roboti moja tu, ukiivunja kiungo kwa kiungo, inakupitisha ngeli karibu zote ambazo mwalimu alikufundishia kwa kiboko.

Zana zetu nazo hazikuundwa zikitufikiria. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux ulipotoa Jambo OpenOffice, menyu nzima ilizungumza Kiswahili, na ilikuwa fahari. Lakini menyu ni maneno yaliyokaa kimya. "Hifadhi" ni "Hifadhi" leo na kesho. Sentensi inayoundwa mchezo ukiendelea, kwa jina ambalo programu imelichagua sekunde hii, ni mnyama mwingine. Zana ya gettext, inayotumiwa na programu huria nyingi, inajua kwamba lugha hutofautiana katika kuhesabu moja, mbili, nyingi. Haina pa kuweka ngeli.

Sasa jibu. Ngeli ni safu moja katika jedwali. Basi! Kila nomino katika mchezo wangu inakuja na ngeli yake: mkono, U-I, kichwa, KI-VI, jicho, LI-YA, injini, I-ZI, rubani, A-WA. Pembeni kuna jedwali la pili, lisilofika mistari ishirini, linalosema kila ngeli ina kiambishi gani cha kitenzi, kimilikishi gani, kionyeshi gani. Kiolezo changu hakisemi "umeharibika". Kinasema: chukua kiambishi cha nomino hii, ongeza "meharibika". Ilinichukua wikendi mbili, moja ikiwa ya mvua. Lugha ambayo sarufi yake imenyooka kiasi hiki ilistahili kuwa ya kwanza kupewa kompyuta, si ya mwisho. Yule aliyesema haiwezekani hakuwa amejaribu. Alikuwa ameonea huruma Kiswahili, na huruma ya namna hiyo imetuchelewesha kuliko dharau.

Kuna mahali tunawazidi, tena bure. Msimbo wa Kiingereza lazima ubebe viwakilishi vya kiume na vya kike, na kila mhusika aulizwe yuko upande gani kabla ya kusemwa jambo juu yake. Sisi "amemsaliti" inatosha. Nani, mwanamume au mwanamke? Siri inabaki siri mpaka hadithi itake kuifichua. Kwa kisa cha jasusi ndani ya kikosi, hiyo ni mali.

Kisha kuna salamu. Hapa ndipo tafsiri ya AI ilinionyesha rangi yake. Nilimjaribu mhusika wa miaka ishirini anayemwendea kamanda wa miaka sitini kuomba msamaha kwa kupoteza meka. Tafsiri ikamfanya amwite kamanda kwa jina lake tupu, kisha "samahani kwa hasara yako". Hasara yako! Kama jirani aliyekuja matangani. Mtoto yeyote wa Mombasa angeshtuka. Katika jedwali langu umri upo, uhusiano upo, deni lipo, kwa hiyo sheria ni nyepesi: mdogo kwa mkubwa, anza na shikamoo, mwite mzee, kama ana deni naye, asianze na ombi. Sheria tatu. Kamanda akiitikia "marahaba" kwa ufupi na kunyamaza, mchezaji ameshajua kuna kitu, na programu haijaandika hata kivumishi kimoja. Uhusiano wenyewe umekwisha kusema, kwa sababu katika lugha hii uhusiano huwa umo ndani ya sentensi.

Hivyo ndivyo nilivyotaka kumwambia kijana. Asiache kutumia AI, aitumie. Lakini kama hajui kuandika daftari, atakuwa anauza ufasaha wa kukodi, na mwenye ufasaha akipandisha bei, au akibadilisha modeli usiku mmoja, mchezo wake utaamka haumjui waziri wala gereza. Faili za maandishi za Hewitt zinafunguka hadi leo kwa programu yoyote ya kuandikia. Nimezifungua juzi kwenye kipakatalishi ambacho hata kivinjari kinakishinda.

Bado kuna jambo moja ambalo jedwali langu halijalitatua, na mwenye jibu anisaidie. Kifaru wa mbugani "ameanguka", kifaru cha kijeshi "kimeanguka", hilo ni rahisi, ni nomino mbili zenye sura moja. Lakini roboti? Mtaani nasikia "roboti imeanguka". Watoto wakitazama katuni wanasema "roboti ameanguka". Na ikiwa kubwa kama ghorofa, ulimi wenyewe unataka "limeanguka". Kwa sasa nimeandika hivi: rubani akiwa ndani na yu hai, ni "ameanguka". Akiruka nje, au akifa, sentensi inayofuata inageuka kuwa "limeanguka", bila maelezo yoyote. Jana usiku nikicheza dhidi ya programu yangu mwenyewe, ilinitangazia kuhusu mwenzangu wa kikosi: "Simba wa Chuma limeanguka." Nikakaa pale nikilitazama lile "li".